Kitabu Kinuse Kabla Hujakifungua

Devota, wewe na wenzako mliobaki pale karakana mmenisumbua vya kutosha. Tangu nistaafu, kila mkinipigia simu wimbo ni ule ule: "Bibi, tuandikie." Niandike nini? Miaka thelathini na kitu nimeshona vitabu vya watu wengine, changu sikuwahi kuandika hata ukurasa. Ila wiki iliyopita uliponiuliza kwa nini vitabu vya zamani vina ile harufu yao, halafu ukaniambia umenunua dawa ya kupuliza yenye marashi ya waridi ili chumba kipendeze, nikasema hapana, huyu nisipomwandikia ataniharibia kazi. Kwa hiyo weka hiyo chupa chini, ukae, usome.

Mshahara siuzungumzii, kwa sababu haukuwa na la kuzungumziwa. Vyeo ndiyo kabisa. Pale tulikuwa watu wawili, Mzee Efraimu fundi na mimi msaidizi wa fundi, na alipoondoka nikawa fundi. Basi, habari za vyeo zimeisha.

Nilifika kwa Mzee Efraimu Jumatatu moja asubuhi, nimetoka Buguruni kwa miguu, nimevaa viatu vya dada yangu vilivyonizidi. Karakana wakati ule ilikuwa Mtaa wa Mchikichi, nyuma ya duka la vitenge, chumba kirefu chembamba chenye dirisha moja. Mzee Efraimu alikuwa Mchaga wa Marangu, kazi ya kujalidi vitabu alifunzwa ujanani kwenye kiwanda cha uchapaji cha wamisionari, akashuka nayo Dar. Mtu mrefu, mkavu, maneno yake ya kuhesabu. Mimi mtoto wa Kizaramo niliyelelewa kwenye nyumba ya kelele, nilimwona kama mtu aliyefiwa. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba," bila kuinua kichwa, akanisukumia vitabu vitatu mezani.

"Nusa," akasema.

Nikabaki nimemtazama.

"Nusa, mama. Pua si unayo?"

Nikanusa kimoja kimoja, nikamwambia vinanuka. Akauliza, "Vyote?" Nikasema vyote. "Kanuse tena." Nikanusa tena. Nilinusa asubuhi nzima, wapagazi wanapita nje na majora ya vitambaa vichwani, mimi nimefunga macho na pua iko kwenye karatasi. Nilijiambia nikirudi nyumbani mama akiniuliza nimefanya kazi gani, nitadanganya.

Adhuhuri ilipoadhiniwa nilikuwa nimechoka na njaa imenikamata, na mtu mwenye njaa husema ukweli. Nikamwambia kile cha kwanza kina utamu wa keki iliyosahaulika kabatini. Cha pili ni kama nguo zilizokunjwa kabla hazijakauka. Cha tatu, samahani sana Mzee, ni supu ya kongoro kabisa. Nilijua ananifukuza. Mzee Efraimu akaweka sindano chini, akacheka kikohozi kimoja.

"Hicho cha kongoro ni gundi," akasema. "Zamani gundi ilichemshwa kwa ngozi, mifupa na kwato. Kesho njoo saa mbili."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Wewe Devota tulikuhoji, tukaangalia vyeti vyako, na ndiyo maana una vyeti, pua huna.

Sasa nikujibu swali lako, kwa sababu nami nilimwuliza Mzee Efraimu hilo hilo mwezi wa kwanza. Alinijibu akiwa anapaka nta uzi wa katani. "Karatasi ni mti," akasema. "Mti umekatwa, umesagwa, umechemshwa, umekandamizwa, umeambiwa utulie. Hautulii." Nilidhani ananitania. Miaka mingi baadaye mama mmoja mtaalamu wa kutunza nyaraka alikuja kutufundisha siku mbili, akatueleza kwa kirefu, nikakuta ni maneno yale yale ya Mzee ila yamevaa suti. Ndani ya mti kuna kitu kinachozigandisha nyuzi zake pamoja ili usimame. Karatasi ya bei nafuu hutengenezwa na kitu hicho kikiwa humo humo. Miaka inavyokwenda, hewa, mwanga na joto vinakivunja kidogo kidogo, na kila kinapovunjika kinatoa mvuke. Mvuke mwingine ni ndugu yake vanila, ndiyo ule utamu wa keki. Mwingine ni mchachu kama siki, na huo ndio mbaya, kwa sababu uchachu ule unarudi kuzikata nyuzi za karatasi yenyewe, mpaka unakunja kona ya ukurasa inakatika kama papadi. Gazeti likiachwa dirishani linageuka rangi ya chai kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa hiyo ule utamu unaoupenda wewe, ni kitabu kinajila. Na hapa Bongo, kwa joto letu na unyevu huu wa baharini, kinajila haraka kuliko ambavyo kingejila kwao Mzee Efraimu mlimani.

Vile vya kale sana havina utamu huo, kwa sababu karatasi yake ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani. Shati kuukuu lilikuwa linapondwa, linageuka kitabu. Niliwahi kuwaambia wauza mitumba wa Mchikichini jambo hili, wakanitazama kwa huruma, mmoja akanivutia kigoda nikae kwanza.

Zaidi ya mti na gundi kuna harufu za wenye vitabu na nyumba zao. Kitabu kilichosomewa kwenye koroboi kina masizi hadi leo. Kilicholala na mende nacho utakijua, huhitaji kufundishwa. Kuna vya ugoro, vya nafthalini, vya mwarobaini ambao watu huweka katikati ya kurasa kufukuza wadudu. Ukungu ndio unaopaswa kuuogopa. Ukisikia harufu ya nguo mbichi, kitabu hicho kiweke mbali na wenzake siku hiyo hiyo, usingoje kesho. Mzee alikuwa akinusa mgongo kwanza, halafu katikati, halafu kingo, ndipo anafungua. Alisema kitabu kikifunguliwa kinaanza kukwambia alichoandika mwandishi, na fundi hana haja na habari hizo.

Nilijifunza kukunja karatasi kwa kipande cha mfupa, kushona, kubana kwenye jiriwa, kukata kingo kwa mashine ile nzito ya mkono ambayo Devota unaiita shangazi yangu. Nilijifunza kupika gundi ya unga wa ngano. Mara moja nilisahau kutia karafuu, wadudu wakala migongo ya vitabu vyote vya nyimbo vya kwaya moja ya Ilala, na wanakwaya wakaja wote, kuanzia sauti ya kwanza hadi ya nne, kunilalamikia. Hilo lilikuwa kosa la kuchekwa. Lililofuata halikuwa.

Mwaka wangu wa nne, Desemba. Unaijua Desemba ya Kariakoo, Wachaga wanafunga maduka, wanapanda kwao, mitaa inapwaya kama kinywa cha kibogoyo. Mzee Efraimu naye alikwenda, hakuwahi kukosa hata mwaka mmoja. Aliniachia ufunguo kwa mara ya kwanza. "Shona tu kinacholetwa," akaniambia. "Usijitie ufundi mwingi." Mimi nikaitikia ndiyo Mzee, na moyoni nikasema akirudi atanitambua.

Siku ya tatu akaja Mwalimu Shabani, ameshika bega la binti yake Saida, na Saida amebeba kapu. Mwalimu alikuwa amefundisha jiografia tangu ujana wake mpaka presha ya macho ilipomfunga macho yote mawili. Alikuwa akikaa Mtaa wa Sikukuu, mwendo wa dakika kumi, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita ambayo leo pamesimama ghorofa. Ndani ya kapu mlikuwa na vitabu kumi na kimoja, vingine vya kupigwa chapa, vingine madaftari makubwa ya kuandikwa kwa mkono. Vyote vimechakaa, kurasa zinachungulia nje.

"Vinaachana, binti," akaniambia. "Nataka vishonwe visije vikapotea kurasa. Basi."

"Usijali, Mwalimu."

Walipoondoka, nikajiuliza, mtu haoni, vitabu vya nini? Nikajijibu mwenyewe kwamba ni vya kupamba sebule, wageni wakija wajue hapa anakaa msomi. Na kama ni vya kupamba, basi vipambwe. Ninakuandikia haya leo, Devota, na bado nasikia aibu mpaka shingoni.

Vilikuwa vinanuka, sikatai. Vina masizi, vina ugoro, kimoja kina mafuta ya nazi na hiliki kila ukurasa. Nikavitoa uani nikavianika kwenye kivuli chenye upepo siku nne. Nikavifungia kwenye sanduku pamoja na mkaa mkavu, kwa sababu mkaa unanyonya harufu. Yale mafuta niliyanyunyizia poda ya watoto, ukurasa baada ya ukurasa, nikaiacha inyonye, nikaipangusa kwa brashi laini, nikarudia. Nikavishona vizuri, uzi umenyooka, hilo hata Mzee hakulikosoa. Halafu nikavikata kingo vyote vilingane, nikavivika vyote kitambaa kimoja cha kijani. Vikakaa mezani kama watoto kumi na mmoja wa shule moja. Niliwaita mafundi cherehani wa jirani waje kuona.

Jumamosi asubuhi nikavipeleka mwenyewe. Saida alikuwa uani anachambua mchele, Mwalimu amekaa kwenye kiti cha kamba, amenyoosha miguu. Nikamwamkia, nikamkabidhi cha kwanza, nikasimama kungoja sifa.

Akakipeleka puani.

Akakishusha, akakipapasa jalada, akakipeleka tena puani. Akanyoosha mkono, nikampa cha pili. Halafu cha tatu. Alivipitia vyote kumi na kimoja, na kila kimoja alikiweka pajani kwa upole zaidi. Kimoja alikinusa muda mrefu.

"Hiki kinanukia mtoto mchanga," akasema. "Binti, umeniletea vitabu vya nani?"

"Vyako, Mwalimu."

"Vyangu navijua."

Saida akaacha mchele, akaja, akafungua kile kilichonukia poda. Nikamwona uso unavyobadilika. Akamwambia baba yake taratibu, "Ni vyenyewe, baba. Hili ni la mama."

Ndipo Saida akanieleza. Tangu macho yafungike, Mwalimu alikuwa akivijua vitabu vyake kwa pua. Asubuhi anakwenda kabatini mwenyewe, ananusa, anachukua anachotaka, anakaa nacho. Vingine alivijua kwa moyo, aliishia kuvishika tu na kukumbuka. Na lile daftari lilikuwa la marehemu mkewe, Bi Zuhura. Bi Zuhura alikuwa akiliweka jikoni, kwenye rafu juu ya mafiga, akiandika humo mapishi, habari za mtaa, na malalamiko yake juu ya mumewe. Alipika akiliangalia na kuliandika mikono ina nazi. Alikuwa amefariki miaka mitano nyuma. Nguo zake zilishagawiwa, mto wake ulishafuliwa. Harufu yake ilikuwa imebaki mahali pamoja tu duniani, na mimi nilikuwa nimeinyunyizia poda ya watoto nikaipangusa kwa brashi.

"Sikujua," nikasema. Nililia pale pale, mbele ya watu.

"Hukuuliza," Mwalimu akasema. Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana, ningetukanwa nikaenda zangu. Akaongeza, "Kushona umeshona vizuri. Nimegusa."

Mzee Efraimu alirudi Januari na mkungu wa ndizi. Nikamweleza kabla hajaketi. Alisikiliza huku amesimama, mkungu uko bado begani, nikamwona anavyozeeka. Nikamwuliza lile lililokuwa likinikosesha usingizi, "Mzee, itarudi?"

"Ya karatasi itarudi," akasema. "Karatasi haiachi kuoza. Mpe miaka, vitaanza kunukia tena, kila kimoja chake. Ya mwenyewe hairudi."

"Hakuna dawa?"

"Ingekuwepo, nami ningekuwa nayo ya mama yangu."

Akaweka ndizi chini, akakaa kwenye kigoda chake, akaanza kupanga sindano kama siku zote. Halafu akasema, "Wewe macho unayo?" Nikasema ninayo. "Na kusoma unajua?" Nikasema najua. "Basi Jumamosi usije kazini. Nenda Sikukuu."

Nilikwenda nikijua nitafukuzwa. Saida ndiye aliyenifungulia, na uso wake haukuwa wa karibu mgeni. Lakini Mwalimu alisema nipewe kiti. Nikamwambia nimekuja kumsomea. Akauliza, "Utasoma unachopewa?" Nikasema ndiyo. Akanipa kitabu cha udongo na mito, nikasoma udongo na mito mpaka koo likakauka, naye akinisahihisha bila kukosea hata jina la kijito.

Nilikwenda Jumamosi zote isipokuwa za msiba au maradhi. Miaka saba. Watu wa mtaa walidhani mimi ni mkwe.

Mwanzoni nilimpelekea wazo nililoliona la maana sana, nimfungie kila kitabu uzi wenye mafundo, kimoja fundo moja, kingine mawili, avitambue kwa vidole. Akakataa katakata. "Hizo ni alama za mbuzi," akasema. "Na mke wangu simtambui kwa fundo." Alichotaka ni kunusa. Kila Jumamosi kabla hatujaanza, Saida alimletea vitabu vyote kumi na kimoja, na yeye akavinusa kimoja kimoja akitafuta daftari la mkewe. Alikuwa akiokota kimoja na kuniuliza, "Huyu?" Mimi namwambia, "Siye, Mwalimu." Anaweka, anachukua kingine. Akilipata ni kwa kubahatisha, naye alijua ni kwa kubahatisha, kwa sababu nikimwambia ndilo alinusa tena, akatikisa kichwa. "Ananificha," alisema. Kila wiki niliingia nyumba ile nikiomba Mungu Mzee Efraimu awe amekosea. Hakukosea. Miaka ilivyokwenda vitabu vilianza kweli kupata harufu, utamu wa karatasi hapa, kabati la mninga pale, pilau ya Saida. Ila nazi na hiliki ya Bi Zuhura haikurudi.

Daftari hilo ndilo tulilosoma kuliko yote. Bi Zuhura alikuwa na ulimi, Mungu amrehemu. Unasoma vitumbua vya sikukuu, mchele uloweke tangu jana yake, tui liwe la kwanza, ghafla katikati anaandika, "Mwalimu kanuna tangu asubuhi. Nimempikia mbaazi za nazi, kala sahani mbili, kanuna vile vile." Chini yake kipimo cha hiliki. Ukurasa unaofuata, "Jirani kaja kuazima kinu. Cha mwaka jana hajarudisha." Halafu, "Leo mvua, bati linavuja pale pale alipopanda kuziba mwenyewe. Nimemwambia afundishe jiografia tu." Mwalimu alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Wakati mwingine alinisimamisha, "Rudia hapo," nami nikarudia. Mara nyingine alibishana naye. "Si kweli, Zuhura, siku ile nilikula sahani moja." Nilisoma daftari lile mara nyingi hata nikiwa karakana nashona, mdomo unakwenda wenyewe, na Mzee Efraimu ananiuliza ni nani aliyekopa kinu.

Hapo ndipo ilipotoka ile desturi yetu inayokuchosha, Devota, ya kumkalisha kila mteja na kumwuliza anataka nini kiondolewe na nini kibaki, hata kama kitabu kinanuka mzoga. Unaniambia tunapoteza muda. Mteja akikujibu, "Hilo doa liache," hupaswi kuuliza kwa nini. Wewe andika kwenye karatasi, uendelee.

Mwaka wa saba Mwalimu akaanza kudhoofika. Kwanza miguu, halafu kifua. Saida akamhamishia kitanda chumba cha mbele apate hewa. Jumamosi moja ya mvua za vuli nilimkuta amelazwa kwa mito mitatu, amekonda, sauti imekuwa ndogo, lakini aliponisikia mlangoni akasema, "Lete vitabu." Saida akanitazama kwa jicho la kusema asichoshwe. Mwalimu akarudia. Tukaviweka kitandani kando yake.

Akachukua cha kwanza, akanusa, akaweka. Pumzi zilikuwa fupi, na kila kitabu alikishika kwa mikono miwili. Cha nne kilikuwa kile cha udongo na mito, nilikijua kwa kona yake niliyoikata vibaya. Akakipeleka puani, akatulia.

Akavuta pumzi tena. Nikaona uso wake unafunguka, mikunjo yote, uso ambao sikuwahi kuuona kwa miaka saba.

"Huyu hapa," akasema. "Zuhura. Huyu hapa jamani."

Saida aliweka kanga mdomoni. Mwalimu akanigeuzia yale macho yake meupe. "Siye?" akauliza, na sauti ile ilikuwa ya mtu anayeomba.

Kwa miaka saba nilikuwa sijamdanganya hata mara moja.

"Ndiye, Mwalimu," nikasema.

Akanipa. "Nisomee."

Nikakifungua. Mbele ya macho yangu palikuwa na mchoro wa mto unaoingia baharini, na maelezo ya namna tope linavyojikusanya mdomoni mwa mto. Nikaanza. "Vitumbua vya sikukuu. Mchele uloweke tangu jana yake." Nikamsomea tui la kwanza, nikamsomea mbaazi na kununa, kinu cha jirani, bati linalovuja, ugomvi wa harusi ya shangazi, dawa ya kikohozi ya tangawizi na asali, yote, kwa mpangilio wake, huku macho yangu yamekodolea mto ule ule. Alikuwa amefumba macho, anatabasamu. Mvua ilipiga bati. Saida alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kitanda.

Nilipofika kwenye mvua na jiografia, akaita, "Binti."

"Abee, Mwalimu."

"Daftari hili lina ukurasa mrefu sana leo."

Sikuelewa.

"Umesoma muda wote huu," akasema, "na hujageuza hata mara moja."

Saida aliinua kichwa akanitazama, machozi yanamtoka. Mwalimu akanyoosha mkono akatafuta wangu kwenye shuka mpaka akaupata, akaupigapiga mara mbili.

"Geuza, mwanangu," akasema. "Halafu endelea."

Nikageuza.